Mpira Mmoja, Wabebaji Wawili

Mimi sikuja Marekani kupenda futiboli yao. Ile ya helmeti na mabega ya plastiki, ambapo wanaume wanasimama kuzungumza zaidi ya wanavyocheza, kisha wanagongana kama mabeberu wa mbuzi, kisha wanasimama tena. Miaka ya kwanza mtu akiniuliza nilimwambia huo si mpira, hiyo ni ajali ya kupangwa. Lakini mwanangu aliucheza, na mtoto akishapenda kitu, wewe mama utakijua upende usipende. Leo niketishe na mwanamume yeyote wa hapa nimweleze kwa nini timu moja inaweka wabeba mpira wawili, kazi yao inagawanywa vipi, na jinsi mgao huo unavyoweza kugeuka wizi wa mchana kweupe. Naandika haya nikiwa bado na hasira. Anayetaka maneno matamu aende kwingine.

Mpira huo niliusomea kazini. Naendesha foklifti kwenye ghala la mboga na matunda pale Landover, karibu na ule uwanja mkubwa unaotufungia barabara kila Jumapili timu ikiwa nyumbani. Jumatatu asubuhi wanaume wa ghalani hawana habari nyingine. Makreti ya nyanya yanangoja, wao wanabishana. Na ubishi mkubwa kuliko wote ni huu: kwa nini kocha alimtoa yule mwepesi akamwingiza yule mzito?

Nieleze kwa ufupi ili tusipotezane. Mbeba mpira anakabidhiwa mpira mkononi, anaukumbatia tumboni, anakimbilia ukuta wa majitu yanayomngoja. Anapata hatua chache, anaangushwa, wanamlalia. Anaamka, anakabidhiwa tena. Hakuna mwili wa binadamu unaoweza kuvumilia hivyo msimu mzima, ndiyo maana makocha wengi siku hizi wanaweka wawili. Kuna wanaowapokeza kwa zamu, huyu akichoka anaingia mwenzake. Kuna wanaoangalia nani ameamka vizuri siku hiyo, wakampa huyo mpaka moto wake uzime. Halafu kuna ule mgao ambao ukiutaja ghalani watu wanataka kushikana mashati: mwepesi anaubeba mpira kutoka mbali, anapigwa njia nzima, anaufikisha karibu na mstari wa bao, halafu anaitwa atoke. Anaingia mzito ambaye hata jasho hajatoa, anasukuma hatua mbili, anavuka. Bao ni lake, na jina lake ndilo linalotangazwa kwenye spika.

Huo ndio mgao aliopewa mwanangu.

Ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa shule. Miaka yote kabla ya hapo alikaa nyuma ya wakubwa akingoja nafasi yake, bila kulalamika, na sasa wakubwa walikuwa wamemaliza. Nikasema haya, Mungu halali, zamu yetu imefika. Mechi ya kwanza niliomba ruhusa kazini, nikaenda na blanketi langu na sauti yangu. Mwanangu akabeba. Akaangushwa, akaamka, akabeba tena, wakamrukia watu watatu akawakokota. Aliutoa mpira mwisho wa uwanja kule mpaka ukawa karibu na mstari kiasi kwamba ningeurusha mimi mwenyewe ukavuka. Hapo kocha akainua mkono, akamwita atoke. Nikadhani ameumia! Nikasimama. Kumbe wapi, anaingia kijana mwingine, mnene kidogo, mwaka mmoja nyuma yake shuleni, jezi safi kama imetoka dukani. Akasukuma. Bao. Ngoma zikapigwa, wasichana wa kushangilia wakaruka, jina la mtoto wa wenyewe likasikika mpaka barabarani.

"Kwani hii ni nini?" nikauliza watu walio karibu. Ikawa hivyo tena ndani ya mechi hiyo hiyo, na mechi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kupika apike wangu, kupakua apakue mwingine. Nilimsimulia Mkongomani mmoja wa ghalani, mtu mpole asiyependa maneno, naye akatikisa kichwa akasema, "Mama, ile kocha iko nachezea mutoto yako." Basi nikajua siyo mimi peke yangu ninayeona.

Na hapa niseme kilichokuwa mezani, maana bila hicho ningenuna tu na kunyamaza. Chuo kikuu kile cha College Park kilikuwa kinamtuma mtu wake kuja kuangalia mechi yetu moja ya mwisho mwisho. Mwanangu alikua akikipita chuo hicho kwenye basi la shule. Hakutaka chuo kingine, na mimi nilikitaka kuliko yeye: acheze pale, asome pale, Jumapili aje nyumbani ale chapati. Sasa niambie, mtu akija kutafuta mbeba mpira, atamtazama nani? Atamtazama anayevuka mstari. Nilitaka kitu kimoja tu, siku ile mtu yule amwone mwanangu akivuka mstari na mpira kifuani.

Ubaya ni kwamba yule kijana mwingine hakuwa mtoto wa adui. Mama yake ni Mtanzania wa Tabora, anatunza wazee katika nyumba moja huko Silver Spring, na tunaishi jengo moja hapa Hyattsville, yeye ghorofa ya chini, mimi ya juu. Tuligawana barabara: yeye aliwapeleka vijana wote wawili mazoezini kabla ya zamu yake, mimi niliwarudisha baada ya yangu. Kwenye mechi tulikaa pamoja, chupa yake ya chai ya tangawizi katikati yetu. Mimi nilimtania kwamba anasema "naomba" hata kwa mashine ya soda. Yeye alinitania kwamba Kiswahili changu cha Kitale, kule Kenya, ni cha askari anayekagua mizigo. "Dada yangu, ukisema 'leta sukari' hata sukari yenyewe inaogopa," aliniambia, na tukacheka mpaka watu wakageuka.

Lakini mtoto wake akivuka mstari na mpira wa mwanangu, yeye alikaa. Hakupiga makofi. Alinimiminia chai, akasema, "Wa kwako kafanya kazi kubwa leo, mashallah." Hiyo ilinikera kuliko kama angeruka na kupiga vigelegele. Mtu akikunyang'anya, akunyang'anye waziwazi umjue. Huyu alininyang'anya huku ananipoza.

Mechi ya tano sikuvumilia. Ilipoisha nilishuka nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kocha, chumba kidogo kinachonuka soksi mbichi. Kocha ni Mmarekani mweusi, mtu mkubwa wa sauti ya chini, hajawahi kumfokea mtoto mbele yangu. Aliniwekea kiti. Sikukaa.

Nikamwuliza, mwanangu amekukosea nini? Kwa nini anafanya kazi ya punda, mwingine anakula?

"Mama," akasema, "mimi nilifanya alivyoniomba mume wako."

"Mume wangu?"

Ndipo akanieleza. Mwezi wa nane, kabla msimu haujaanza, aliwaita wazazi mmoja mmoja awaulize wanataka nini kwa vijana wao. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye zamu, akaenda mume wangu. Wazazi wengine walikuja wamejipanga. Baba mmoja alileta video za mtoto wake tangu akiwa na miaka sita. Mama mwingine alisema mwanawe asipoanza mechi zote atamhamisha shule. Kisha akaingia mume wangu na tai yake, akakaa, akasema kwamba mtoto wake hana lolote la ajabu. Akasema, huyu sasa ni mtoto wako, mwalimu. Akasema, usimsifu sana, asije akajiona. Kuna vijana wengine wazuri, wape na wao nafasi. Akileta kichwa kikubwa, mkalishe chini.

"Hakuna mzazi aliyewahi kuniambia hivyo," kocha akasema. "Nilimheshimu sana. Nikaona familia hii haitaki mtoto wao awe nyota. Wanataka ajifunze kufanya kazi na kuwaachia wengine sifa. Basi nikamgawia hivyo."

Lo! Nilitoka pale miguu haigusi chini. Sikumbuki nilivyoendesha. Nilimkuta mume wangu mezani anakula viazi, shati la kanisani bado liko mwilini, maana yeye ni mzee wa kanisa na Jumamosi jioni kuna kikao. Huyu ni mwanamume anayefanya kazi ya kompyuta huko Falls Church, anayekaa kwenye foleni ya barabara ya mzunguko asubuhi na jioni bila kupiga honi hata mara moja. Ukimkanyaga anakuomba msamaha kwa kuweka mguu pale.

"Ulimwambia nini kocha?"

"Kocha yupi?"

"Wewe usiniulize kocha yupi! Ulimwambia nini kuhusu mtoto?"

Akaweka uma chini. "Nilimwambia ni mtoto wake. Kwani vipi?"

"Ulimwambia mtoto hana lolote!"

"Mama watoto, sasa ningesemaje? Nimsifu mwanangu mwenyewe mbele ya mwalimu? Baba yangu aliponipeleka bweni alimwambia mkuu wa shule, huyu ni wako, mchape, kichwa chake kigumu kama gogo. Na mkuu wa shule alinitunza kama yai."

Na ni kweli. Hapo ndipo hasira inapouma zaidi, mtu akikujibu kitu cha kweli. Nyumbani mzazi anamshusha mwanawe ili mwalimu ampandishe. Unasema hana akili, mwalimu anajibu la hasha, huyu atafika mbali, na kila mmoja anaondoka ameridhika, maana kila mmoja anajua maana yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tulifundishwa hivyo wote. Lakini hapa?

"Hapa si Kitale!" nilimwambia, na nina hakika hata yule dada wa ghorofa ya chini alisikia. "Hapa ukikaribishwa chakula ukasema umeshiba, wanaondoa sahani! Hawakuulizi mara ya pili! Miaka yote hii umekaa hapa hujajua kwamba hawa watu ukiwaambia neno wanalichukua lilivyo? Umemuuza mtoto kwa heshima!"

"Heshima si utumwa," akasema polepole.

Nkt! Nilitamani nimrushie kile kiazi. Nililala na mwanangu wa kike mdogo chumba kingine, na asubuhi mume wangu akajipikia chai mwenyewe. Wiki ile nzima tuliongea kupitia watoto. Mwambie baba yako gari halina mafuta. Mwambie mama yako nimesikia.

Jumatatu, kabla ya zamu, nilirudi kwa kocha. Safari hii nilikaa kwenye kiti. Nikamwambia, yale aliyosema mume wangu ni adabu ya kwetu, hayana maana uliyoyapa. Sisi tukisema hana lolote tunamaanisha mtazame vizuri. Mwanangu anataka chuo cha College Park. Mpe mpira. Mpe wa mbali, mpe wa karibu, mpe wote.

Kocha akajikuna kidevu. Akasema kijana yule mwingine pia ni mzuri, na kwamba mgao haukuwa wa sifa tu, mwili nao una kikomo.

"Mwanangu hachoki," nikamwambia. "Ni damu yangu."

Akakubali. Akasema ni mwaka wake wa mwisho, ana haki ya kuonekana.

Mechi mbili zilizofuata nilizifurahia kama harusi. Sitadanganya. Mwanangu aliubeba mpira kutoka mbali, aliubeba katikati, na ulipofika karibu na mstari hakuna mkono uliomwita. Alivuka mwenyewe. Spika ikalitaja jina langu la ukoo, na kama kawaida ikaliharibu, na mimi nikapiga vigelegele mpaka mzungu mmoja mbele yetu akavua kofia akanipungia. Yule kijana mwingine alikaa benchi, helmeti mapajani. Mama yake akanimiminia chai.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kidogo. Kijana alishuka ngazi upande upande kama kaa. Alikaa kwenye beseni la maji ya barafu akitazama ukuta. Siku moja alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Baba yake alinitazama, nikamwambia usinitazame. Punda afe mzigo ufike. Mtu yule wa chuo anakuja mara moja tu, na misuli hupona. Mimi mwenyewe mgongo wangu una historia ndefu na bado nainua kreti. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, nikampaka dawa ya kuchua, nikamwambia avumilie, kazi ndiyo hiyo.

Kisha yule dada wa Tabora akapanda ngazi akagonga mlango wangu. Alikuwa na sare yake ya kazi na bakuli la maandazi, maana yeye hawezi kuja mikono mitupu hata akija kukushtaki.

"Hodi dada. Samahani, sikai. Nilitaka kuuliza tu. Ulikwenda kwa kocha?"

"Nilienda."

"Ahaa." Akanikabidhi bakuli. "Ungeniambia, mwenzangu. Tungekwenda wote."

Basi. Akasema hivyo akashuka. Nikabaki mlangoni na bakuli la maandazi ya moto mkononi. Twende wote tukafanye nini? Tukaketi mbele ya kocha tuanze, hapana atangulie wa kwako, aka dada atangulie wa kwako, mpaka kocha astaafu? Mimi ni mama, si kamati ya harusi! Na mtoto wake ana mwaka mzima mwingine wa kucheza, wangu hana. Hayo yote nilimwambia, lakini nilimwambia nikiwa jikoni peke yangu, yeye ameshafika kazini. Angenitukana ningemjibu na tungemaliza. Yale maandazi niliyala, yalikuwa mazuri, na hilo nalo likaniudhi.

Jumamosi ya mtu wa College Park ikafika. Mechi ilikuwa mchana, jua la baridi, upepo unapeperusha majani uwanjani. Mume wangu alikuwa ameitwa kazini, na sikumsihi abaki. Yule mtu nilimjua mara moja: kofia ya chuo, pembeni peke yake, anatafuna, hashangilii upande wowote. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kumwona yeye na uwanja kwa pamoja. Yule dada akaja akakaa karibu nami palepale alipokaa siku zote, chupa yake ya chai katikati.

Mwanangu alicheza, jamani. Alicheza mpira ambao sijui aliutoa wapi. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa mijitu, wakamvaa kila alipogusa mpira, na kila alipogusa mpira mimi nilimtazama yule mtu aone. Alikuwa anaona. Aliacha kutafuna. Kipindi cha mwisho timu zikawa sawa, na mwanangu akauchukua mpira kutoka upande wetu, akaangushwa, akachukua tena, akaangushwa, akachukua, tukaanza kusogea. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi. Mpira ukafika pale ninapopajua, hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Nikasema Baba wa mbinguni, leo.

Mwanangu akaamka kutoka chini polepole. Akasimama na mikono magotini. Kisha akainua kiganja akajipiga juu ya helmeti, mara mbili, akitazama benchi.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Yule dada akanishika mkono. "Anaomba kutoka, dada. Mchezaji akichoka anajigonga hivyo, mwenzake aingie."

"Anaomba nini?"

Kocha alikuwa ameshamwona. Kijana wa yule dada akaja mbio akifunga helmeti, wakapishana, wakagusana ngumi. Mimi nikapiga kelele. Sikupiga kwa Kiingereza, nilipiga kwa Kiswahili, lugha ya mama na mtoto, jukwaa zima likageuka. "Rudi! Rudi hapo! Usitoke! Rudi!" Mwanangu alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu aliinamisha kichwa. Lakini aliendelea kutembea mpaka benchi, akakaa.

Mwenzake akapewa mpira, akasukuma, akavuka mstari.

Watu walipagawa. Ngoma, tarumbeta, kila kitu. Yule dada hakuinuka. Mtoto wake ameishindia shule mechi, mtu wa chuo yuko pale, na yeye amekaa amenishika mkono kama vile aliyefiwa ni mimi. Nikauvuta mkono wangu.

Mechi ilipoisha yule mtu mwenye kofia akashuka uwanjani. Alimwendea mtoto wa yule dada. Waliongea kwa muda mrefu, akamwekea mkono begani, akamwonyesha kitu kwenye simu, baadaye nikasikia amemkaribisha aje na mama yake kuona mazoezi ya chuo. Wangu alimpa mkono pia. Alimpa mkono kama unavyompa mtu aliyekushikia mlango. Halafu akaondoka.

"Dada," yule mama akaniambia, "samahani sana."

"Samahani ya nini? Wewe umenikosea nini?" nikamjibu, kwa ile sauti yangu ya kukagua mizigo, na hakuna kati yetu aliyecheka.

Kwenye gari mwanangu aliingia taratibu, akiinua mguu mmoja kwa mikono kuuingiza ndani. Nilimsubiri akae. Sikuwasha gari.

"Ulijigonga helmeti."

"Ndiyo." Kwa Kiingereza. Mimi humwambia kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyo.

"Hatua chache! Hatua chache, na mtu mwenyewe amekaa pale! Nimeenda kwa kocha kwa ajili yako, nimegombana na baba yako kwa ajili yako, yule dada haongei na mimi vizuri kwa ajili yako, halafu wewe unajigonga kichwa unampa mwingine?"

"Miguu ilikuwa imekwisha, Mama. Ningeuangusha. Tungepoteza."

"Ungevumilia! Kila mtu anachoka! Unafikiri mimi sichoki? Unafikiri nani alikwambia ukichoka unanyanyua mkono unatoka?"

Safari hii akanijibu kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuokoteza, anatafuta kila neno kabla ya kulitoa, kwa sababu alitaka nisikie.

"Mama, wewe hutokangi," akasema. "Wewe hutokangi kabisa. Ile siku ulikuwa na homa ulienda kazi. Ukarudi, ukalala ndani ya gari hapo nje, gari inawaka, kwa sababu hukuweza kupanda ngazi. Mimi ndiye nilikuja kukuamsha. Nilifikiri umekufa. Niligonga dirisha, niligonga, wewe huamki." Akajifuta pua kwa mkono wa jezi. "Mimi sitaki kuwa hivyo. Mimi nikichoka, nataka kutoka."

Mama ana jibu siku zote, lile la kumaliza maneno, hata likiwa si la haki. Nikawasha gari. Nje, watu walikuwa bado wanapiga honi za ushindi.

"Funga mkanda," nikamwambia.

Alikuwa ameshaufunga.